Kijana Anayetengeneza Visu

Juzi kitinda mimba wangu alikuwa akipekua droo ya jikoni kutafuta kifungulio cha mkebe, akaibuka na kile kisu. "Mama, si ulisema hiki ni cha kuwindia? Kiliwinda nini?" Nikamwambia hakijawahi kuwinda kitu. Akanitazama kwa ile dharau yake, akakirudisha, akaendelea kupekua. Mimi nikabaki nimesimama pale hadi chai ikafurika ikazima moto.

Ilikuwa likizo ile ndefu ya baada ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwisho wa 2007, tukiwa bado Nakuru. Kwenye vibanda vya vitabu kuukuu mjini nilikuwa nimeokota jarida la Kimarekani lisilo na jalada, na ndani yake kurasa chache za mtu anayeeleza jinsi ya kutengeneza kisu chako cha kwanza cha kuwindia, nyumbani, kwa vifaa vya mkono tu. Kwa nini msichana wa miaka kumi na minne atekwe na makala kama hiyo, sina jibu. Nadhani ni ile picha. Kisu kilikuwa kifupi, mgongo wake ukishuka taratibu hadi kwenye ncha, tumbo limejaa kidogo. Maelezo yalisema umbo hilo humwezesha mwindaji kuchuna mnyama bila kutoboa utumbo. Mimi sikuwa nimewahi kuchuna hata sungura.

Baba aliposikia alicheka. "Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1977. Sasa wewe utawinda nini, panya?" Halafu akaingia stoo, akatoka na msumeno wake wa chuma, akauweka mezani bila kusema neno. Baba ndivyo alivyo.

Chuma nilipewa na fundi wa pale kona, aliyekuwa akichomelea mageti na kutengeneza majiko. Alinipa tupa kuukuu iliyoisha meno. Akaniambia hiyo ni chuma kali, lakini jinsi ilivyo msumeno hautaiingia, na ikianguka kwenye simenti itakatika vipande viwili. "Ilegeze kwanza. Iweke kwa makaa mpaka iive, halafu uifukie kwa majivu ilale humo. Kesho itakusikiza." Tupa huwa na kaboni nyingi, karibu asilimia 1, na ndiyo inayoifanya ikakamae ikipozwa ghafla na ilainike ikipoa polepole. Hayo niliyasoma baadaye sana. Wakati ule nilichojua ni kwamba nilifukua majivu asubuhi, nikaupitisha msumeno, ukauma.

Kazi ya kukata na kusugua nitaipita, maana haina hadithi. Ni mkono kwenda na kurudi mpaka bega linakataa. Sikuwa na jiriwa, nikakibana chuma kwenye benchi kwa klampu ya kuazima. Fundi alikuwa akipita kwetu jioni, anasimama, ananisikiliza kwanza kabla ya kuangalia. "Unairudisha ukiwa umeikandamiza. Tupa inakata ikienda mbele tu. Ikirudi, iinue." Alinifundisha pia kuipaka chaki ili unga wa chuma usijibane kwenye meno na kuchora mistari. Chaki nilikuwa nazo, msiniulize zilitoka wapi. Matundu ya mpini nilitoboa kwa drili yake ya mkono kabla ya kukakamaza, kwa sababu baada ya hapo hakuna msumari wa drili wa kawaida unaoingia. Na ukingo wa makali niliuacha na unene wa kama milimita moja, maana ukiuzamisha kwenye mafuta ukiwa mwembamba hupasuka au kupinda.

Sasa ile jioni yenyewe ya kukikakamaza.

Nyuma ya jikoni nilichimba shimo dogo. Udongo wa Nakuru mnaujua, ni vumbi la majivu ya volkeno ya Menengai, hata kijiko kinauchimba. Nikapitisha kipande cha bomba la maji kutoka nje hadi chini ya shimo, nikajaza makaa, na kwenye mdomo wa bomba nikafunga draya ya nywele ya dada yangu, yule wa saluni, waya ukipitia dirishani. Alikuwa amemkalisha mteja anamsuka, na draya alidhani iko kabatini. Nilipoiwasha makaa yalinguruma. Cheche ziliruka hadi kwenye kamba ya nguo, mama akatoka mbio kuanua mashuka huku akiita majina yetu yote.

Fundi alikaa juu ya mtungi uliopinduliwa, mikono mapajani. Nilimwomba anishikie koleo akakataa. "Kisu ni cha nani?" Basi nikashika mwenyewe. Kando yangu kulikuwa na mkebe wa mafuta machafu ya injini. Alikuwa ameniambia nitumbukize msumari mwekundu ndani yake kwanza ili yapate moto, kwa sababu mafuta baridi ni mazito na hayapozi chuma kwa kasi inayotakiwa. Tuliungoja mwanga upungue. Mchana chuma hukudanganya, unaona bado ni cheusi kumbe kimeshapita.

Kikaanza kubadilika. Kwanza wekundu wa kufichika, ambao ukiutazama moja kwa moja unapotea, kisha wekundu wa wazi uliotangulia kwenye ncha kwa sababu ncha ni nyembamba. Fundi akasema neno moja, "Vuta." Nikakivuta nyuma ili ncha itoke penye moto mkali na tumbo liingie. Nikawa nakisogeza hivyo, mbele na nyuma, mpaka rangi ikalingana kuanzia ncha hadi karibu na shina. Nilikuwa na sumaku ya spika ya redio mbovu, nimeifunga kwenye waya. Nikaigusisha. Ikashika. Nikarudisha kisu motoni. Nikagusisha tena, ikashika kwa uvivu. Mara iliyofuata sumaku ikateleza juu yake, haikushika kabisa. Chuma kikifika karibu nyuzi 770 huacha kuitambua sumaku, na kwangu ilikuwa ajabu isiyo na mfano kwamba kitu nilichokijua maisha yangu yote kingeweza kugeuka kitu kingine mbele ya macho yangu na bado kikawa na umbo lilelile.

"Kidogo tena," fundi akasema. Sasa rangi ilikuwa ya chungwa lililoiva. "Sasa. Ncha mbele. Wima. Usikiyumbishe kando."

Nilikizamisha. Mafuta yalipaza sauti ambayo sikuitarajia, nzito, ikatoka chini kwenda juu, na moto ukawaka juu ya mkebe hadi nikahisi nyusi zangu zinakunjamana. Moshi wa oili ukanijaa mdomoni. Mkono ulitaka kuachia, fundi alikuwa ameshasimama, lakini hakunigusa. Nikakipandisha na kukishusha, juu na chini, moto ukajifia wenyewe, na ule mtetemo uliokuwa ukipanda kupitia koleo hadi kiganjani ukanyamaza.

Tukangoja kipoe. Kilitoka cheusi, kimeganda masizi, wala hakikupendeza. Fundi akanipa tupa nzuri, mpya, akaniashiria nipitishe kwenye makali. Tupa ileile ambayo asubuhi ilikuwa ikila chuma hicho na kumwaga unga sasa iliteleza ikatoa sauti nyembamba ya kioo. Haikuacha alama. Fundi akacheka, akanipiga bega. "Sasa imekuwa." Dada naye akatokea mlangoni akiuliza draya yake iko wapi.

Kilichofuata kilikuwa kukipunguza ugumu, maana kisu kilichotoka kuzamishwa ni kigumu kupita kiasi na huvunjika kwa kuangushwa tu. Jarida lilisema washa oveni ya nyumbani nyuzi 400. Za Fahrenheit, ambazo kwetu ni kama 200, na oveni yenyewe mtaani kwetu nani alikuwa nayo? Lakini mama alikuwa akiuza mandazi, na mafuta ya mandazi hayako mbali sana na joto hilo. Nilikisugua kwa sabuni ya unga hadi harufu ya oili ikaisha, nikamsubiri amalize kuchoma ya asubuhi. Aliongeza moto, akadondosha kipande cha unga karaini, kikaibuka papo hapo na kuanza kupata rangi. "Weka basi, tuone maajabu." Kikakaa humo kwa saa moja na zaidi, mama amesimama kando na mwiko, akikigeuza kana kwamba kitaungua upande mmoja. Bei ya mafuta yale ananidai hadi leo.

Mpini ni mti wa mutamaiyo kutoka kwenye gunia la kuni, misumari yake ni waya nene wa shaba, na gundi. Krismasi ilinikuta nikiupiga msasa.

Januari ya 2008, ile ya machafuko ya baada ya uchaguzi, mnaijua, sitaieleza. Kwetu ilifika mwisho wa mwezi. Mji uliwekewa kafyu, moshi ukaonekana kutoka pande ambazo hatukuzoea kuona moshi, na banda la fundi likawa limefungwa kwa kufuli. Walisema alipakia watoto kwenye lori usiku. Hakuwahi kukiona kisu kikiwa na mpini. Drili yake ya mkono ilibaki kwetu.

Jioni moja, kabla ya saa ya kafyu, wanaume walibisha geti. Baba akatoka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la sebuleni.

"Mzee, tumesikia hapa kuna kijana anatengeneza visu."

Sijui walisikia wapi. Sauti ya tupa husafiri, na saluni ya dada hakuna kinachofichika. Mmoja wao nilimjua, alikuwa akinunua mandazi ya mama kila asubuhi na kulipa mwisho wa wiki.

"Hapa hakuna kijana," baba akasema. "Mimi nina wasichana watatu."

"Tumeambiwa ni nyumba hii."

"Basi ingieni mumtafute. Mkimpata mniletee, nimemwomba Mungu miaka mingi."

Wakacheka. Mmoja akamwambia pole, mzee. Wakaenda. Baba alifunga geti, akaja ndani, akachukua kisu mezani akaenda nacho. Alikoficha mpaka leo kuna mabishano. Yeye anasema darini, mama anasema ni uongo, kilikuwa kwenye pipa la unga na ni yeye mama aliyekiweka. Nilikipata tena nikiwa kidato cha pili, na hakikuwa na unga wala vumbi la darini.

Siku hizi wageni wakija baba hukitaja. "Huyu alijitengenezea kisu akiwa mtoto," atasema, na ataeleza sumaku, na draya, na mama na mwiko wake, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa shimoni. Ya geti huwa anayaruka. Niliwahi kumuuliza, wawili tu, angesema nini siku ile kama angekuwa na mvulana. Akaniambia hakuwa naye. Nikamwambia najua, lakini kama. Akaniambia tena hakuwa naye, akaongeza sauti ya redio.

Dada yangu anasema nishukuru Mungu niachane na hayo. Nashukuru. Nilitetemeka nyuma ya lile pazia mpaka magoti yakagongana, na kama baba angewaambia ukweli sijui kama leo ningekuwa na cha kuandika. Lakini zipo siku, nikiwa nakatakata sukuma na kisu hicho, hasira hunipanda kuhusu wanaume wale, na si kwa sababu ambayo mtu mwenye akili angetarajia. Walikuja kumtafuta fundi wa visu. Walimkosa kwa hatua nne. Na wakaondoka wakimpa baba pole.