Kumbukumbu ya mradi: rafu za karakana kwa masalia ya mbao

Ukuta mmoja wa karakana yangu hapa Tabata sasa umeanza kubeba zana, na mbao zote zilizotumika ni masalia: vipande vya mninga na mkongo kutoka kwa mafundi samani wa Keko, ambavyo mara nyingi huishia jikoni kama kuni, pamoja na msonobari nilioubandua kwenye paleti za mizigo. Paleti huzikagua muhuri kwanza. Herufi HT humaanisha kwamba mbao zilipashwa joto hadi kiini chake kikafikia nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo, na hizo nazitumia bila wasiwasi. Zenye herufi MB zilifukizwa kwa methili bromidi, gesi yenye sumu ya kuulia wadudu, kwa hiyo siziingizi karakanani hata nikipewa bure.

Naamini masalia hayafai kulazimishwa kufuata mchoro. Nilivipanga vipande sakafuni kwa urefu na unene, ndipo nikaamua kila rafu iwe na upana gani.

Uti wa mgongo wa kazi yote ni fito za ukutani. Kila ubao mrefu wa mninga niliupasua kwa urefu wake, msumeno ukiwa umelazwa kwa digrii 45, nikapata fito mbili zenye mshazari: moja imefungwa ukutani, ukingo wake mkali ukitazama juu na mshazari ukielekea kwenye matofali, na ya pili imefungwa nyuma ya rafu ikiwa imegeuzwa kichwa chini, hivi kwamba rafu hupachikwa tu na uzito wake wenyewe huivuta ikabane ukutani. Nikitaka kuihamisha, naiinua bila kufungua skrubu hata moja. Kwa karakana ndogo ambayo kazi zake hubadilika kila mara, sijaona mpango bora kuliko huu.

Mkongo ni mgumu, na skrubu inayolazimishwa humo hukatika shingo. Kwa hiyo hutoboa tundu jembamba kwanza, kisha huisugua skrubu kwenye sabuni ya mche, nayo huingia taratibu mpaka kichwa kikalala sawa na mbao.

Mchwa ndio adui mkubwa. Moyo wa mninga, ule wenye rangi ya kahawia iliyoiva, huwastahimili vizuri, lakini sehemu nyeupe ya nje huliwa upesi, hivyo nimeikata yote na kuitupa. Msonobari nimeutumia kwa rafu za juu peke yake, mbali na sakafu.

Zimebaki droo za misumari na biti za drili. Mbao zake nimezipanga zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, kwa sababu ubao hupanuka na kusinyaa kwa upana wake kadiri unyevu wa hewa unavyobadilika, na droo iliyobanwa sawasawa wakati wa kiangazi hukwama masika yanapoanza. Nitaziachia nafasi ya milimita 3 kila upande.