Panga Chini ya Kiti

Stendi ya Nanenane, Dodoma, konda wa Kosta alimzuia mzee mlangoni. Mzee alibeba panga jipya, limeviringishwa gazeti.

"Babu, silaha hiyo inakaa chini ya kiti."

"Silaha? Hili la kukatia mabua."

Akaketi pembeni yangu, akanisalimu "Mbukwenyi", na panga likaishia chini ya miguu yangu mimi.

Kumbe ni mwinjilisti mstaafu wa Anglikana. Mama wa kiti cha mbele, Mmenoniti kutoka Musoma, akageuka kumtania kuwa hata Petro alianza hivyohivyo. Basi safari ikanoga.

Mama alishika Mathayo 26:52, waushikao upanga wataangamia kwa upanga. Kanisa lake lilianza Shirati mwaka 1934, lakini msimamo wa Wamenoniti ni wa karne ya 16 huko Ulaya: Mkristo haui, hata akivamiwa. Mzee akamrudishia Luka 22:36, asiye na upanga auze joho lake akanunue.

Mama hakukubali. "Zilipatikana panga mbili, Yesu akasema basi, zatosha. Panga mbili kwa watu wale wote, hilo jeshi gani?"

Kosta nzima ikacheka. Mzee akakimbilia kwa Agostino, askofu wa Hippo, aliyekufa mwaka 430 mji wake ukiwa umezingirwa na Wavandali: vita yaweza kuwa halali, sababu ikiwa ya haki na mwenye mamlaka akiiamuru.

"Na mwizi akikuvamia usiku, baba?"

"Nyumbani kwangu mwenye mamlaka ni mimi."

Agostino huyohuyo hakupenda raia aue ili kujiokoa. Askari tu, kwa amri. Nilitaka kumwambia, nikalikumbuka panga, nikanyamaza.

Mbande tukaacha barabara ya Morogoro, tukashika ya Kongwa. Mzee akapoa. Miaka ya sitini Kongwa palikuwa na kambi za wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini. Yeye alikuwa mtoto, akiwauzia maziwa.

"Wengine walikuwa Wakristo, mama. Jumapili tuliimba nao. Wakaenda, hatukuwaona tena. Hao nao walikosea?"

Mama alitazama mibuyu kwa muda mrefu.

"Siwahukumu, baba. Ila mwanangu akiniaga anakwenda vitani, nitamshika shati."

"Hata mama zao wangeshika."

Kongwa stendi, konda akainama, akalitoa panga kwa ncha mbili za vidole. Gazeti lilishachanika. Mama akavua kitenge alichojitanda mabegani, akamviringishia.