Andiko la utafiti, na watu waliokatwa ukoo

Jumamosi usiku, Bagamoyo

Fomu ya udahili yenyewe haina shida. Vyeti, nakala za matokeo, cheti cha kuzaliwa, barua za wadhamini: vyote nimeskani steshenari ya Magomeni, na paroko ameniahidi barua yake wiki ijayo. Kinachonikesha ni zile kurasa chache za andiko la utafiti. Ninaomba uzamivu (shahada ya udaktari) wa teolojia kwa njia ya utafiti, na huko mtu hadahiliwi kwa cheti kitupu, anadahiliwa kwa swali lake. Wanataka kujua unauliza nini, wengine wamekwisha kusema nini, jibu utalitafuta wapi, na pale chuoni yupo nani wa kukusimamia.

Watu ninaotaka kuwaandika nimewabeba moyoni miaka mingi. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja wakafungua misheni hapa mwaka 1868, wakalea watoto waliotolewa utumwani. Wengi walinunuliwa kwa fedha kule Unguja kabla soko halijafungwa mwaka 1873, na baadaye wakaja wengine waliookolewa na manowari za Waingereza baharini. Walipokua wakaozwa wao kwa wao, wakapewa kibanda na kipande cha shamba katika kijiji cha misheni. Kisha wapo waliopelekwa bara pamoja na mapadri kuanzisha vijiji vya Kikristo; Mhonda ilianza hivyo mwaka 1877. Ukatoliki wa bara umetembea kwa miguu yao. Lakini mgeni akija leo, anapitishwa chini ya miembe ile mirefu, anaonyeshwa msalaba wa ufukweni, anaonyeshwa mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone, mpelelezi Mskoti, Februari 1874, na majina anayoondoka nayo ni ya mapadri na ya Livingstone. Hilo linaniuma.

Profesa niliyemwandikia kumwomba anisimamie alinijibu kwa upole. Anaona hapa historia nzuri ya Kanisa, akasema, ila hajaiona teolojia. Nimeshinda na maneno hayo mchana kutwa. Ana haki. Kueleza nani alinunuliwa lini na akapelekwa wapi ni kazi ya mwanahistoria, tena kazi kubwa. Mimi natakiwa niseme maisha ya watu wale yanatudai tuseme nini juu ya Mungu, juu ya ubatizo, juu ya Kanisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulitamka mwaka 1965 kwamba tendo la imani kwa asili yake ni la hiari, na asilazimishwe mtu. Mtoto mchanga tunambatiza kwa imani ya wazazi. Je, mtoto wa miaka minane aliyenyang'anywa wazazi, akabatizwa na yule yule aliyemlipia bei? Imani ya nani ilimsimamia? Siwahukumu mapadri wale. Wengi walikufa kwa homa wakiwa vijana, na makaburi yao yapo pale pale misheni. Ila swali haliondoki kwa sababu waliolisababisha walikuwa watu wema.

Nilipokwama kabisa nilikwenda kumwamkia mzee mmoja ambaye babu zake walilelewa misheni. Nikamwomba anitajie ukoo wao kwenda juu. Akataja baba, akataja babu, akataja jina moja la ubatizo, akanyamaza.

"Na kabla ya huyo, babu?"

"Kabla ya huyo hakuna, mwanangu. Alikuja mdogo. Kwao hakukujua."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikumuuliza. Majirani zao Wazaramo na Wakwere wana makaburi ya wazee wao ya kwenda kusafisha. Kwao, mama yake alikuwa akiwachukua watoto kwenda kupalilia makaburi ya mapadri. "Ndio wazee tuliokuwa nao," akasema.

Nilirudi nyumbani kwa miguu, bajaji nikaziacha zipite, maana nilijua swali nimelipata.

Charles Nyamiti, padri na mwanateolojia wetu, mzaliwa wa Tabora, aliyefundisha miaka mingi Nairobi, alimfikiria Kristo kama Ndugu Mhenga, yaani ndugu yetu aliye pia mzee wa ukoo aliyetangulia. Alipanga sawasawa mambo yanayomfanya mtu awe mhenga: kwanza udugu kati yake na walio hai, halafu hadhi takatifu anayoipata kwa kufa, uombezi, kuwa mfano wa kuigwa, na haki ya kukumbukwa kwa sala na ibada. Namheshimu sana, na nimemsoma kwa faida. Lakini teolojia hiyo inasimama juu ya udugu, na misafara ya watumwa iliyoshuka kutoka upande wa Tabora kuja pwani ndiyo iliyoukata udugu huo. Watu wa kijiji cha misheni walifika Bagamoyo bila mhenga hata mmoja wanayeweza kumtaja. Tukiwaambia Kristo ni mhenga wao, tunawapa nini? Tunawarudishia ukoo walionyang'anywa, au tunawadai kwanza kitu wasichokuwa nacho? Na yule mama aliyepalilia kaburi la mgeni kama la baba yake, hakuwa anafanya teolojia? Mimi nasema alikuwa anafanya, na nataka niithibitishe mbele ya watahini.

Ushahidi utakuwa mgumu. Barua na taarifa za mapadri ziko kwenye hifadhi ya shirika lao Chevilly-Larue, karibu na Paris, kwa Kifaransa, kwa hiyo Kifaransa changu cha sekondari itabidi kikue. Huku kwetu nitaomba kuona vitabu vya ubatizo na ndoa: nani alisimama msimamizi wa nani, nani alimpa mtoto wake jina la nani. Mtu asiyejua kuandika huacha mawazo yake katika mambo kama hayo. Kati ya waliouleta mwili wa Livingstone alikuwemo Jacob Wainwright, naye aliwahi kuwa mtumwa. Lakini yeye alisomeshwa Nasik, India, akaandika shajara yake mwenyewe ya safari. Wanawake wa kijiji chetu hawakupata bahati hiyo.

Mama mkubwa aliniuliza juzi: "Sasa ukisomea dini hadi mwisho, na usista huutaki, utakuwa nani?" Nikamweleza habari za Mercy Amba Oduyoye wa Ghana na wenzake, waliokutana Accra mwaka 1989 wakaanzisha umoja wa wanateolojia wanawake wa Afrika, wamo kati yao wake za watu na mama wa watoto. Alisikiliza mpaka mwisho. "Basi waandikie," akasema, "lakini uandike na sisi tuelewe." Nimeliweka ombi hilo ndani ya andiko: muhtasari wa kila sura utatoka kwa Kiswahili na kusomwa hapa parokiani kabla haujafungwa.

Nimeamua kuomba Nairobi kwanza. Ndiko alikofundishia Nyamiti, ndiko waliko watu waliobishana naye ana kwa ana, na kwa nauli ya basi naweza kurudi kwa wazee wangu kila likizo. Ulaya nitakwenda kwa ajili ya hifadhi tu, ufadhili ukipatikana.

Ukurasa wa kwanza nimeufuta wote nikauandika upya. Sasa unaanza na sharti la kwanza la Nyamiti, lile la udugu, na aya inayofuata ni ya makaburi. Maneno ya mzee nimeyaacha kwa Kiswahili kama alivyoyasema, tafsiri nikaiweka chini. Kesho baada ya misa ya pili nitampitia nimsomee, akikubali yabaki ndipo nimtumie profesa.