Tunaombea viongozi, ila asiwe mmoja wetu

Kila Jumapili parokiani kwetu, katika sala za waumini, haikosekani nia ya kuwaombea viongozi wa nchi. Tunawaombea hekima, haki na hofu ya Mungu, kisha tunaitikia kwa pamoja, "Ee Bwana, twakuomba utusikie." Naipenda nia hiyo. Ila siku hizi najiuliza tunategemea Mungu awatoe wapi hao viongozi wenye hofu yake, maana mwenzetu akithubutu kusema anautaka uongozi tunamtazama kama mtu aliyetukana kanisani.

Nasema hivi kwa kuwa yamenifika. Juzi kwenye jumuiya yetu ndogo ya sala, hapa Isevya mjini Tabora, tulikuwa tumemaliza rozari na mchango haujapita bado. Mama mmoja akawa analalamikia mtaro ulioziba tangu masika, maji machafu yanamwingilia uani, na kwamba kule serikali ya mtaa hakuna watu. Nikasema basi 2029 nitagombea uenyekiti wa mtaa mimi. Sikuwa nimepanga kutangaza. Lilinitoka tu, ingawa kichwani limekaa muda mrefu. Watu walinyamaza. Kuna mtoto alikuwa anakwangua nta ya mshumaa kwenye kitambaa cha meza ya Bikira Maria, na yeye pia akaacha. Ndipo mzee wetu wa jumuiya, ambaye namheshimu kama baba mzazi, akaniambia taratibu, "Binti yangu, Mtume Paulo anasema msinie yaliyo makuu. Siasa iache kwa wenyewe." Nikamjibu, "Nimekusikia, baba." Kwa mzee kama yule hujibu zaidi ya hapo mbele za watu.

Nyumbani nikafungua Warumi 12:16. Mzee hakukosea, ni kweli imeandikwa hivyo, ila mstari haukuishia pale. Unaendelea: "lakini mkubali kushughulishwa na mambo manyonge." Nikacheka peke yangu jikoni. Mwenyekiti wa mtaa ana makuu gani? Mshahara hana, wa kuajiriwa ni mtendaji. Yeye kazi yake ni mitaro, barua za utambulisho, mbuzi wa fulani kula mchicha wa fulani, na ndugu wawili wanaogombania ukuta alioacha marehemu baba yao. Kama kuna ofisi katika nchi hii inayoshughulishwa na mambo manyonge kuanzia asubuhi mpaka usiku, ni hiyo.

Na kuna jambo jingine. Ile nia yetu ya Jumapili imetokana na Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, sura ya pili, pale Paulo anapotaka dua zifanyike kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka. Geuza macho kidogo tu, sura ya tatu inaanza kwa kusema mtu akitaka kazi ya askofu, atamani kazi njema. Najua pale anazungumzia Kanisa, si mtaa wa Isevya. Lakini hakusema anayetamani anyamazishwe. Alichofanya ni kuorodhesha masharti: asiwe mlevi, asiwe mpenda fedha, asiwe mgomvi, nyumba yake aisimamie vema. Jumuiya yangu ingenipima kwa orodha hiyo ningefurahi, hata kama ningefeli mahali.

Mapadre wetu hawawezi kuifanya kazi hii. Sheria ya Kanisa inawakataza kushika vyeo vya serikali, na mimi naona ni sawa. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano ya mwaka 1965, ile kuhusu Kanisa katika ulimwengu wa sasa, inawaambia wenye kipaji cha siasa wajiandae kuifanya, na inaiita kazi ngumu lakini yenye heshima. Wanaoambiwa hapo ni sisi walei, waumini wa kawaida. Sasa kama padre amekatazwa na mlei anaonewa haya, tunamwombea nani kila Jumapili?

Sijaamka tu nikautaka uenyekiti. Niko kwenye kamati ya shule ya msingi, na mwaka ule wa kujenga madarasa waliniweka kamati ya mapokezi. Shule hujenga yenyewe kwa kutafuta fundi wa hapahapa, mfumo ambao kila mtu anauita fosi akaunti, na vifaa vikifika lazima wajumbe wahesabu na kusaini ndipo mzabuni alipwe. Kazi yenyewe haina utukufu. Unasimama juani unahesabu mifuko ya saruji huku kuku wa mwalimu wanakupita miguuni. Siku moja kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, kikaleta nondo. Karatasi inasema milimita 12. Mimi si fundi, ila zile nondo zilionekana nyembamba. Nikamwita fundi, naye hakusema kitu. Alikwenda kwenye jengo la jirani akarudi na kipande cha milimita 12, akakilaza kwenye sakafu sambamba na mojawapo ya zile mpya. Huhitaji shule kuona. Zile zilikuwa za milimita 10, na zilikuwa za kubeba lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, ya darasa watakaloketi watoto wetu.

Sikusaini. Mwenzangu mmoja alinivuta pembeni akaniambia nisicheleweshe ujenzi. Jioni mzabuni mwenyewe akapiga simu, sauti ya upole kabisa: "Mama, sisi sote ni Wakristo, tusiaibishane." Tunasali parokia moja. Jumapili iliyofuata tukakutana kwenye benchi moja wakati wa kupeana amani, tukashikana mikono, "Amani ya Kristo," na kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho kama changu. Nondo zilibadilishwa wiki hiyohiyo. Darasa lipo, watoto wanasoma, na hakuna anayejua habari za nondo isipokuwa sisi wachache.

Pale ndipo nilipojua kwamba naitaka kazi hii, na naitaka kwa sababu nyingi zilizochanganyika. Nataka mitaro ipitishe maji. Pia napenda kusikilizwa nikiongea. Napenda kikao kikinyamaza niseme mimi. Kama Mungu ananitaka nisubiri mpaka nia yangu iwe nyeupe kama hostia, basi nitasubiri mpaka kaburini, na mtaro utakuwa bado umeziba.

Dada yangu wa Kigoma naye kanipigia, habari zimemfikia haraka kuliko treni. Kanikumbusha Oktoba 2025, watu waliopoteza maisha kipindi cha uchaguzi, akaniuliza kama bado nina akili timamu. Hilo sikulijibu kwa wepesi, na hata sasa sina jibu la kumtuliza. Nilimwambia tu kwamba mimi ni mtu wa Tabora. Hapa Januari 1958 TANU, chama kilichopigania uhuru, walikutana kuamua kama washiriki uchaguzi ambao mkoloni aliupanga kwa masharti ya kuudhi: kila mpiga kura lazima achague Mzungu mmoja, Mwasia mmoja na Mwafrika mmoja. Wengi walitaka kususa. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora Boys na baadaye akafundisha St. Mary's hapahapa mjini, aliwashawishi waingie. Zuberi Mtemvu akaondoka na kuanzisha chama chake, ANC. TANU wakaingia wakashinda. Wazee wanauita uamuzi wa busara. Silinganishi nyakati wala watu, na wanaosusa leo siwaiti waoga. Nasema tu kwamba kuingia kwenye uchaguzi wenye kasoro hakukuanza na mimi.

Kinachonisumbua zaidi ni chama. Kwetu huwezi kugombea bila chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania suala la mgombea binafsi miaka mingi, Mahakama ya Afrika kule Arusha ikampa ushindi 2013, na bado ukitaka hata uenyekiti wa mtaa sharti udhaminiwe na chama. Jumuiya yetu ina watu wa vyama vitatu kwa ninavyojua. Hapo mzee ana hoja, na ningependa angeanzia hapo badala ya kuanzia kwenye makuu. Siku nikivaa rangi za chama, yule mama wa mtaro ataniona vingine wakati wa rozari.

Kwa hiyo nimemwomba paroko tuonane. Nataka kumwambia kwamba kabla sijachukua fomu yoyote nitakabidhi daftari la mweka hazina wa jumuiya kwa mtu mwingine, mahesabu yakiwa yamekaguliwa, na kwamba sitaomba kura kwenye mkeka wa sala. Mzee nitamwendea mwenyewe nyumbani, na sukari yake mkononi, nimsomee mstari wote.

Mume wangu ameuliza swali moja tu: watu wakija saa sita usiku na ugomvi wao, nani atafungua geti? Tumekubaliana nitafungua mimi. Yeye atamfunga mbwa.