Siku ya mvua pale chekechea, mimi nilikuwa napanga viti

Hii ni ya miaka kadhaa nyuma, mwanangu ana miaka 4, ndo ameanza chekechea, na mimi niko kamati ya wazazi. Niliingia kamati kwa moyo wote kabisa, maana kila mtu alikuwa ananiambia mzazi akishiriki mambo ya shule mtoto anachangamka, basi nikasema sitakosa hata kikao kimoja na kweli sikukosa.

Msimu ule mwalimu wao akaja na wazo jipya. Sherehe za nyuma zote zilikuwa za jukwaa, zile watoto wanakaririshwa wimbo mwezi mzima halafu siku yenyewe wanapangwa mstari mbele ya watu wazima wamenyanyua simu, wengine wanaimba wengine wanalia wanataka kwa mama zao. Akasema safari hii jukwaa hakuna, tunasherehekea kuanza kwa mvua, kila mtoto aje na mtu mmoja wa kwao wakae chini wapande mbegu pamoja, basi. Mzazi mmoja akauliza sasa sisi tutakuja kuangalia nini? Mwalimu akamjibu taratibu tu, hamji kuangalia, mnakuja kukaa nao. Akatuambia na habari ya Friedrich Froebel, yule Mjerumani ambaye mwaka 1840 ndo aliipa shule yake ya watoto wadogo jina la Kindergarten, yaani bustani ya watoto, na bustani yenyewe ilikuwepo kweli, kila mtoto ana kitalu chake anakitunza. Nililipenda sana lile. Nikainua mkono nikachukua kazi ya viti, turubai na orodha ya waliofika.

Siku 10 kabla, watoto walipanda maharage kwenye vikombe vya plastiki vyenye pamba mbichi, wakihesabu kwamba mpaka siku ya sherehe yatakuwa yamechomoza na watayahamishia kwenye udongo. Baba yangu ndo alikuwa anampeleka mwanangu na kumrudisha kila siku, amestaafu, anaishi na sisi, mtu wa maneno machache sana. Akaniambia yule mtoto kila akifika darasani anakimbilia kikombe chake anaifukua ile mbegu aone kama imeamka, halafu anairudisha, kesho tena. Sasa kimzizi cha harage ni chepesi mno, ukikishikashika kinakatika. Za wenzake zikatoa majani, yake kimya.

Siku ikafika. Mimi nimetoka nyumbani alfajiri hata hawajaamka. Baba akaja naye baadaye, magoti yake mabovu ila nikamwona anajishusha polepole mpaka chini kwenye zulia, hakutaka kiti. Nilipita pale mara tatu nadhani, ya tatu nikamwinamia asaini orodha, akasaini, nikaendelea. Halafu wingu likawa zito nikakimbilia nyuma kuvuta turubai na wenzangu, na nakumbuka kuna muda kelele zote za watoto zilikata ghafla, nikajua labda mwalimu anaongea.

Kumbe hapana. Mwalimu alinihadithia jioni tunakunja viti. Vikombe vilipogawiwa mwanangu akaona vya wenzake vina majani, chake pamba tu, akaanza kulia ile ya kukosa pumzi. Baba akakichukua kikombe akakifunika na kiganja, akamwambia mbegu ikiwa imelala haipendi kuangaliwa, hebu tufumbe macho tuiache. Mtoto akafumba. Aliyekaa pembeni yake akafumba, mama wa yule naye akafumba, ikaenda hivyo mpaka chumba kizima, watoto na watu wazima, macho wamefumba, na mvua ndo inaanza kugonga bati. Mwalimu anasema ana miaka mingi kwenye kazi hii na hajawahi kuona chumba cha watoto wa miaka 4 kimetulia vile.

Usiku namvua nguo akaniambia, mama, leo babu alikuja shule! Nikamuuliza, na mama je? Akafikiri kabisa, mtoto hakuwa na nia mbaya yoyote. Akasema, mama ulikuwa kazini.

Lile neno nililala nalo. Nilikuwa pale kuanzia alfajiri mpaka jioni. Na sisemi kazi ya kamati haina maana, bila lile turubai watu wangelowa, lakini mtoto wa umri ule hana hesabu ya kiti ulichokibeba yeye hakuoni, kwake aliyekuja ni aliyekaa.

Mbegu yake haikuota hata baadaye. Tulipanda nyingine nyumbani.

Kwenye kikao kilichofuata nikasema hilo, sauti ikanitetemeka kidogo, tukakubaliana maandalizi yote yaishe jioni ya kuamkia sherehe, na hiyo ikawasaidia hata wazazi ambao mchana hawawezi kabisa kutoka makazini, wakapata sehemu yao. Na asiyeweza kuja atume bibi, shangazi, kaka mkubwa, yeyote ambaye mtoto anamjua vizuri.

Sherehe ya msimu uliofuata nilikaa kwenye zulia. Nilidhani atang'ang'ania mapajani kwangu, wala, alikimbilia kwa wenzake kwenye maji na udongo akanisahau. Ila kila baada ya muda anarudi, ananiwekea mkono wenye tope gotini, hasemi kitu, anaondoka tena.