Nilisikia Mlipita

Mama alipiga simu Jumanne saa mbili usiku, saa ambayo kwa kawaida huwa ameshafunga mlango na kuzima taa ya barazani, kwa hiyo nilipoliona jina lake nilipokea moyo ukinienda mbio, nikidhani kuna msiba. Hapakuwa na msiba. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza hali ya watoto na hali ya Baba Neema, kisha kwa sauti ileile aliyoulizia hali zetu akasema, "Nilisikia mlipita."

"Ndiyo, Mama. Jumamosi tuliwapeleka watoto kuona maporomoko."

"Kinukamori?"

"Ndiyo, Mama."

Akanyamaza kidogo. "Na siku hizi pale mnalipa shilingi ngapi?"

Nikamtajia kiingilio cha mtu mzima na cha mtoto. "Haya," akasema. "Wasalimie watoto." Simu ikakatika.

Mazungumzo yenyewe hayakufika dakika mbili, na leo ni Jumapili, lakini bado ninayasikia ninapoosha vyombo na ninapopanga nguo za watoto. Katikati ya wiki barua ya uhamisho wa Baba Neema kwenda Dodoma imetoka, na ofisini wakaguzi wamemaliza kazi na kuondoka. Mambo hayo nitayaandika siku nyingine, kwa sababu kila ninapojaribu kuyafikiria akili inarudi kwenye neno moja, "mlipita".

Mnaonifuatilia mnajua namna safari hizi zilivyoanza. Baada ya kumzika baba mwaka jana, Neema aliniuliza kwa nini sisi husafiri pale tu mtu anapofariki, nami sikuwa na jibu la kumpa mtoto wa miaka saba. Ndipo tukakubaliana na baba yake kwamba kila mwezi, mfukoni pakiruhusu, tutatoka siku moja pamoja, asubuhi kwenda na jioni kurudi, bila kulala popote na bila kwenda mbali. Mwezi wa pili tulikwenda kwenye chemchemi ya Chemka, kwenye ile barabara ya vumbi inayoingilia Boma Ng'ombe, ambako watoto waligundua kwamba maji hayachemki hata kidogo, ni ya uvuguvugu tu, maangavu kiasi cha kuiona mizizi ya mikuyu hadi chini. Tukaenda Duluti kule Tengeru, tukalizunguka ziwa kwa miguu msituni. Tukaenda Chala, ambako Baraka alisimama ukingoni mwa kreta akitafuta kwa macho mstari wa mpaka juu ya maji, kwa kuwa alikuwa amesoma kwamba upande mmoja wa ziwa uko Kenya. Juni tulichagua Marangu kwa sababu masika yamekwisha na mito bado imejaa, na kwa sababu shule zimefungwa.

Kutoka hapa Moshi mjini hadi Marangu Mtoni ni kama kilomita 40. Unafika Himo, unaiacha barabara inayoendelea Holili, unaanza kupanda. Ninaipenda sana sehemu hiyo ya safari. Mahindi na alizeti vinabaki chini, hewa inabadilika, madirisha yanapandishwa, na ghafla kila kitu ni kijani: migomba juu, mibuni chini yake, na masale yamesimama mpakani mwa kila kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake. Asubuhi ile mlima ulikuwa wazi. Baraka, ambaye mwaka huu yuko darasa la sita na kila kitu kwake ni takwimu, alitutangazia kwamba una mita 5,895 na kwamba wazungu wa kwanza kufika kileleni, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, walifika mwaka 1889 wakitokea huku huku tunakoelekea. Wote tulikuwa na furaha. Ninalisema hili kwa sababu tangu Jumanne nimekuwa nikiikumbuka siku ile kana kwamba ilikuwa mbaya tangu mwanzo, na haikuwa hivyo.

Njia panda ya kwetu iko kabla ya kufika Marangu Mtoni. Baba Neema alipunguza mwendo bila mimi kumwambia, kwa sababu gari letu halijawahi kuipita njia ile tangu tulinunue. Akaniangalia. "Tunaingia?"

"Tukirudi," nikasema.

Nilikuwa na sababu zangu, na nilipozisema moyoni wakati ule zilionekana nzuri. Kwa mama hakuna kupita dakika kumi. Ukiingia, kuku atakamatwa, mtori utabandikwa, mtaitwa kwa baba mdogo mkamsalimie, kisha kwa shangazi aliye ng'ambo ya mfongo, ule mfereji wa maji ya mashambani, na kufikia saa kumi jioni mtakuwa mmekwenda nyumbani, hamkwenda matembezini. Tena hatukuwa na kitu mkononi. Nyuma ya gari palikuwa na chupa ya chai, mayai ya kuchemsha na chapati za kututosha wanne. Sijawahi kuingia kwa mama bila sukari, mkate na sabuni, na baba alipokuwa hai, bila nyama ya kilo mbili. Niliona afadhali nisiingie kuliko kuingia mikono mitupu. Sasa ninaona kwamba mama asingeitazama mikono yangu, lakini siku ile niliitazama mwenyewe.

Wakati gari linapita, Baraka alimpungia mkono mama mwenye duka la pale njia panda. Alimpungia kwa adabu aliyofundishwa, na yule mama naye akapunga. Hivyo ndivyo mama alivyosikia.

Jioni tulishuka saa kumi na moja na nusu. Ukungu ulikuwa umeteremka, Neema amelala mapajani pangu, Baraka ameegemea dirisha. Tulipoikaribia njia panda nilinyamaza, na Baba Neema naye hakuuliza. Kama kuna kitu ambacho ningependa kukirudia katika siku ile, ni dakika ile. Asubuhi nilikuwa na maneno ya kujitetea. Jioni nilinyamaza tu, nikiangalia mbele, hadi taa za Himo zikaonekana.

Kwa hiyo mama alikuwa na haki ya kusema "mlipita", na hakuongeza neno. Asingesema hivyo kwa mgeni. Mgeni hapiti, mgeni anakuja au haji. Anayepita ni mwenye mahali pa kuingia. Kisha lile swali la kiingilio. Usiku wa Jumanne nililisikia hivi: mmepata pesa ya kulipia kuyaona maji, na kwangu hakuna geti wala risiti. Usiku wa Jumatano nililisikia kwa ukali zaidi, kwamba nimewafundisha watoto wangu kwamba kilicho cha thamani ni kile kinacholipiwa. Na ile "haya" nikaipima kwa "haya" zake zote ninazozijua, maana mama analo neno hilo kwa kila jambo. Iko "haya" ya kumpa mtoto ruhusa, iko ya kumaliza ugomvi wa wakubwa, na iko moja aliyoitamka hospitalini daktari alipomaliza kuzungumza juu ya baba. Hii ya Jumanne ilikuwa fupi kuliko zote.

Nilifikia hatua ya kuwaza kumpelekea sale. Wasomaji wangu wasio Wachaga, sale ni jani la mmea huo huo wa mipakani ambao nimeutaja, na mtu aliyemkosea mwenzake huenda nalo kuomba msamaha. Anayelipokea hawezi tena kukataa. Baba mdogo aliwahi kuletewa baada ya ugomvi wa ardhi uliodumu miaka, na ugomvi ukaishia hapo. Lakini sale ni la makosa makubwa. Kumpelekea mama kwa sababu ya kupita njia panda kungekuwa kumwambia kwamba ninamdhania ana kinyongo kikubwa, na pengine hana. Tena ni kumlazimisha anisamehe kabla hajaniambia anachohisi, nami nilitaka kwanza aniambie.

Kuna jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Pale Kinukamori kijana aliyetutembeza alisimulia kile kisa cha binti Makinuka, ambacho mama alitusimulia sisi tukiwa wadogo: binti aliyepata mimba kabla ya kuolewa, akaogopa adhabu, akaenda ukingoni ili ajitupe, kisha akabadili nia. Alipogeuka arudi nyumbani akakutana uso kwa uso na chui, akakimbia kwa hofu, akasahau korongo lililo nyuma yake. Neema alisikiliza mpaka mwisho, maji yakimrukia usoni, akaniuliza, "Mama, kwa nini hakukimbilia kwa bibi yake?" Kijana yule akacheka kwa upole, nami nikamwambia Neema kwamba chui alikuwa ameziba njia. Kwa gari, bibi yake mwenyewe alikuwa mwendo wa dakika chache kutoka pale tulipokuwa tumesimama.

Alhamisi usiku nilimwambia Baba Neema yote. Alikuwa ameishika barua yake ya Dodoma, akaiweka chini. Alisikiliza, akaniomba niyarudie maneno ya mama kama yalivyotamkwa, nikayarudia. Akasema, "Mama Neema, mtu anayeuliza bei si lazima awe analalamika. Mtu huuliza bei anapotaka kununua."

Sikulala mapema usiku ule, lakini safari hii si kwa uchungu. Nilijaribu kuzihesabu safari za mama ninazozijua. Harusi. Misiba. Kanisani. Hospitali ya KCMC, mara nyingi sana katika mwaka wa mwisho wa baba. Moshi mjini wakati wa kununua sare, akiwa amekaa nasi watatu kwenye kiti kimoja cha basi. Mama ana miaka 72, amezaliwa, ameolewa na amezeeka chini ya mlima ambao watu huvuka bahari kuja kuutazama, na sijawahi kusikia mtu yeyote, sisi watoto wake tukiwamo, akimwambia: Mama, vaa, tunakwenda kutembea. Miezi mitano nimekuwa nikipanga safari za familia, nikihesabu viti vya gari kuwa vinne. Gari letu lina viti vitano.

Ijumaa mchana nilitoka nje ya ofisi, nikasimama chini ya mjakaranda, nikampigia. Nilimwamkia, nikamwambia moja kwa moja, "Mama, Jumamosi ile nilipaswa kuingia. Nisamehe."

"Mlikuwa na watoto," akasema. "Na ukungu ulishuka mapema siku ile."

Nilisubiri aongeze, hakuongeza. Nikamuuliza, "Mama, wewe Kinukamori umewahi kufika?"

Nilimsikia akicheka, kicheko ambacho sijakisikia tangu mazishi. "Nilikuwa nakwenda na wenzangu kukata majani ya ng'ombe kandokando ya mto ule, kabla sijaolewa. Hapakuwa na geti. Ukifika unaweka mzigo chini, unakaa kwenye jiwe, unaweka miguu majini. Yalikuwa ya baridi mpaka mifupa inauma. Baba yenu aliniona pale mara ya kwanza, hakuwaambia?"

Hakutuambia. Nimelifikiria jambo hilo tangu juzi kuliko hata uhamisho. Tulisimama pale sote wanne, tukapiga picha, tukamlipa kijana atusimulie habari ya Makinuka, na habari ya kwetu wenyewe ilikuwa imekaa nyumbani peke yake, ikichambua maharage.

"Na lile jiwe lipo?" mama akauliza.

Nikamwambia mawe ni mengi, sikujua ni lipi.

"Haya. Mkija mniambie mapema, isije ikawa siku ya jumuiya. Na sitashuka ngazi nyingi, magoti haya." Akasita. "Kile kiingilio, nitalipa changu mwenyewe. Nimeuza ndizi."

Sikubishana naye, ingawa nilitaka. Tumepanga Jumamosi ya wiki mbili zijazo. Tutaingia kwanza nyumbani, tutakula mtori, tutakwenda kwa baba mdogo na kwa shangazi, na saa nane, kama mvua haikunyesha, tutapanda gari watu watano. Baraka atakaa katikati, kwa sababu bibi yake anataka dirisha; alilisema hilo mwenyewe kabla ya kukata simu. Nimeshanunua sukari. Nimenunua pia kandambili zisizoteleza, kwa kuwa viatu vyake vya kanisani vina soli laini na njia ya kushukia pale ina utelezi.

Ningependa kuishia hapa, lakini Neema tangu jana anashika sikio la kushoto. Hakuogelea mahali popote wiki hii wala iliyopita. Leo jioni hakumaliza uji, na sasa hivi nimemkuta ameligeuza sikio hilo kwenye mto, akilibana kwa kiganja usingizini. Nimemwekea kitambaa cha uvuguvugu. Homa sijaiona, ila nimemgusa paji la uso mara tatu tangu nianze kuandika. Kesho asubuhi, kabla ya kazi, nitampeleka zahanati, na itabidi nimwombe mwenzangu ofisini anishikie nafasi hadi saa nne.