Lala na laza

Leo jioni binti yangu wa darasa la tano amerudi na daftari la Kiingereza. Sentensi moja imekatwa kwa wino mwekundu: "Yesterday I lay the baby on the bed."

"Mama, kwani 'lay' si ndiyo wakati uliopita wa 'lie'?"

Nikanyamaza. Ni kweli: lie, lay, lain. Lakini kuna "lay" nyingine, inayotaka kitu cha kulazwa: lay, laid, laid. Hapo ilitakiwa "laid".

Alikuwa amefutafuta pale mpaka karatasi ikatoboka.
Kale katundu kaliniuma.

Nikamwuliza, "Mtoto umemfanyaje?"
"Nimemlaza."

Basi "lie" ni lala, "lay" ni laza. "Rise" ni inuka, "raise" ni inua. Lugha ya kale iliyozaa Kiingereza nayo ilinyambua vitenzi namna hii, na hizi ni baadhi ya jozi zilizosalia.

Akaandika upya kando ya katundu, taratibu, ulimi nje.

Kesho ni zamu ya "borrow" na "lend", na wengi wetu kote kuwili tunasema kuazima tu. Wazazi na walimu wenzangu, ninyi mnawaelezaje watoto?